Shimoni kwa Saa za Shimoni

Mgeni akitoka bara akashukia kwetu, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, ratiba yake tunaijua kwa moyo: Fort Jesus, Mji wa Kale, madafu ya Mama Ngina, na jioni viazi karai. Siku ya pili huuliza habari za Wasini, na hapo ndipo wenyeji wengi hukohoa. Shimoni, mji mdogo wa kuvukia kwenda kisiwa cha Wasini, uko kilomita kama 75 kusini mwa kivuko cha Likoni. Ni karibu kuliko Malindi. Lakini wengi wetu tulifika huko mara moja tu, kwa basi la shule, tukapigwa picha pangoni tukarudi kabla ya magharibi.

Makala haya ni ya mtu anayetaka kwenda kivyake: kwa matatu, bila wakala wa utalii, na kulala walau usiku mmoja. Safari yenyewe si ngumu. Kinachowashinda watu ni saa. Mombasa ukikosa matatu, nyingine iko nyuma yake inapiga honi. Hoteli hii ikifunga, ya jirani iko wazi hadi usiku wa manane. Mji mdogo wa pwani una saa tatu ambazo hazimngojei mtu: saa ya maji, saa ya adhana na saa ya gari la mwisho. Zipange hizo kabla hujafunga mkoba, na mengi ya yaliyobaki yatajipanga yenyewe.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoamua utakula nini, utavuka saa ngapi na utalowa hadi wapi. Tarehe ya safari ichague kwa mwezi mwandamo. Aliye na kalenda ya Kiislamu ukutani ameshamaliza nusu ya kazi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kuanzia tarehe mosi hadi nne hivi za mwezi wa Kiislamu, kisha tena kuanzia tarehe 15 hadi 18 hivi. Siku hizo, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huku kwetu huzidi mita 3. Katikati yake, mnamo tarehe 8 na tarehe 23, ndipo yanapoingia maji mafu, na bahari haisogei sana.

Uzuri ni kwamba bamvua zetu zina mazoea yasiyobadilika. Maji hujaa alfajiri na tena alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu, na hupwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukijua tarehe ya mwezi, unaweza kukaa kwako Mtongwe au Mishomoroni ukajua bahari ya Shimoni itakuwa wapi Jumamosi ijayo saa nne.

Sasa chagua unachokitaka. Anayetaka pweza aende bamvua, kwa kuwa ndipo mwamba unapoachwa wazi na watu hushuka na vijiti vyao kutafuta mashimoni. Anayetaka kuliona fungu la mchanga la hifadhi ya Kisite likichomoza katikati ya bahari aende bamvua vilevile, na aondoke gatini asubuhi ili afike maji yakiwa yanapwa. Lakini mwenye kufuatana na mama mzee, mjamzito au mtoto wa kubebwa achague maji mafu. Wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, mashua inaweza kusimama mbali na ufuo, na kutoka hapo ni kutembea juu ya mawe na matope huku umeshika viatu mkononi. Kijana hucheka tu. Bibi wa miaka sabini hatakusamehe.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa maangavu na mkondo mtulivu; huo ndio msimu wa wanaotaka kuogelea na kuona matumbawe. Masika ya Aprili na Mei yaache yapite: mvua, bahari chafu, na baadhi ya wenye kupika chakula cha wageni hufunga kabisa. Kusi ya Juni hadi Agosti ni kali, hasa mchana, lakini ina malipo yake. Kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita katika bahari hiyo wakitoka kwenye baridi za kusini kuja kuzaa. Ukienda kusi, safari yoyote ya bahari iwe ya asubuhi. Mchana upepo ukishika, nahodha mwenye akili atakataa, na usimbembeleze.

Njia sasa. Wa Likoni hana la kuuliza, yuko stendi tayari. Wa Kisauni, Bamburi au Kongowea apande gari la feri asubuhi na mapema. Kivukoni mwenda kwa miguu halipi kitu, na saa za asubuhi umati wote unatoka Likoni kuingia kisiwani kazini. Wewe unaelekea kinyume chao, kwa hiyo utapata mahali pa kusimama na hewa ya kuvuta. Jioni mambo hugeuka, na hilo ulikumbuke unapopanga kurudi: jioni ya Jumapili umati uko upande mwingine, lakini foleni ya magari ya kutoka kusini inaweza kukula saa nzima.

Wa Changamwe, Miritini na Mikindani wana jambo jipya la kuringia. Barabara ya Dongo Kundu, yenye lile daraja refu la Mteza linalozidi kilomita moja, inawatoa Miritini hadi Kibundani, upande wa Kwale, bila kuikanyaga feri. Mwenye gari lake asifikirie mara mbili. Asiye na gari aulize kwanza kama siku hiyo kuna matatu inayopita huko moja kwa moja. Ikiwa hakuna, njia ya kivukoni ni ya uhakika zaidi.

Barabara hiyo ilijengwa kwa mkopo wa Japani, na huko Japani mji mdogo una kitu ambacho sisi wa pwani ya kusini tungekiiga bila aibu. Tangu 1993 wamekuwa wakisajili vituo vya kando ya barabara kuu, viitwavyo michi-no-eki: msafiri anapata choo safi, ramani ya eneo, na meza ambapo wakulima wa hapohapo wanauza mboga na matunda yao wenyewe. Kwetu meza ya mkulima ipo, choo ndicho hakipo. Kati ya Ukunda na Lunga Lunga utaona machungwa, mihogo, nazi na korosho zimepangwa chini ya miembe. Nunua hapo, wakati wa kurudi. Choo kitumie Ukunda kabla hujaendelea, na pesa zitoe hapohapo Ukunda, kwa sababu mabenki yapo. Shimoni kuna mawakala wa M-Pesa, lakini wakala wa mji mdogo anaweza kuishiwa na floti saa tano asubuhi akakwambia urudi kesho. Beba noti za hamsini, mia na mia mbili. Mama wa mahamri hana chenji ya elfu, na si kazi yake kukutafutia.

Stendi ya Likoni usipande gari la Ukunda kwa sababu tu ndilo lililo karibu kujaa. Utashushwa Ukunda, uanze upya. Tafuta la Lunga Lunga au Vanga, na umwambie kondakta wazi kwamba unashuka Kanana. Mwambie mara ya pili mkipita Msambweni, kisha tena mkipita Ramisi, pale palipokuwa na kiwanda cha sukari cha zamani. Kanana ni njia panda tu, ina maduka machache na bodaboda, na dereva aliyenogewa na mwendo huipita. Kutoka hapo hadi Shimoni ni kilomita kama 15. Nauli ya boda uiulize ndani ya matatu, kwa abiria aliyekaa karibu nawe, kabla hujashuka. Ukishashuka na mkoba mgongoni, bei huanza kuongea lugha nyingine.

Jambo ambalo wasafiri wengi hulisahau, na mimi naliweka juu ya yote haya, ni kuwa na mtu mmoja. Kabla ya kuondoka tafuta jina na namba ya mtu mmoja tu anayekaa Shimoni au Wasini. Hili kwetu halina shida: mtaani hapakosi mwanafunzi, mvuvi, fundi au ustadhi mwenye ami au shangazi Vanga, Majoreni au Mkwiro. Umpigie siku mbili kabla, ujitambulishe, umtaje aliyekupa namba, useme mnakuja wangapi, lini, na mtalala wapi. Usiombe kitu. Mwishowe uliza, "Twakuletea nini kutoka mjini?" Jibu linaweza kuwa mkate wa siniya, dawa, au kifaa cha simu ya mtoto. Ukifika na kifurushi hicho mkononi, unapita gatini ukiwa mgeni wa fulani, na vijana waliokuwa tayari kukuuzia kila kitu watakuonyesha tu nyumba ilipo.

Malazi yapo ya aina tatu. Shimoni zipo gesti za kawaida, na pia banda za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori karibu na ofisi yao, ambazo huwekwa mapema. Wasini na Mkwiro zipo nyumba za kulala wageni na familia zinazopokea watu. Ushauri wangu ni ulale Wasini. Mchana kisiwa kina wageni wa siku moja waliokuja kula kaa na kuondoka. Mnamo saa tisa au kumi wameshajazwa mashuani. Baada ya hapo watoto wanatoka chuoni, wanaume wanakaa barazani, na mtu anapata nafasi ya kuzungumza nawe bila kukuuzia safari. Kisiwa hakina gari hata moja. Kina urefu wa kilomita tano hivi, na kutoka kijiji cha Wasini hadi Mkwiro unatembea kwa miguu msituni na juu ya mawe ya matumbawe, ambayo yanakata. Vaa viatu vilivyofunga, patipati ziache za bafuni.

Lakini kabla ya kuvuka, pumzika Shimoni kwa nusu siku. Mji umeupata umaarufu wake kwa pango, ambalo linasimamiwa na jamii ya hapo. Kiingilio unacholipa mlangoni kinarudi kwenye mahitaji ya mji, kwa hiyo usikibishanie. Ndani kuna giza, popo na matope. Shika tochi, ya simu yatosha, na ushuke ngazi polepole. Mwongozaji atakueleza habari za watumwa waliofungwa humo kabla ya kupakiwa majahazini. Msikilize kwa heshima, kisha umuulize maswali mawili zaidi: pango lilikuwa likitumikaje wenyeji walipokimbia mashambulizi, na kwa nini watu bado wanakuja na ubani na kitambaa. Mwaka 2010 watafiti Stephanie Wynne-Jones na Martin Walsh waliandika kuhusu jinsi utalii ulivyoikuza simulizi moja ya pango hilo na kuzifunika nyingine, simulizi za mizimu na za kimbilio. Wazee wa mji wanazo zote. Ukiuliza vizuri, mwongozaji huacha hotuba aliyoizoea akaanza kusema kama mtu wa pale, na hapo ndipo kiingilio chako kinapoanza kuwa na thamani.

Nje ya pango kuna mabaki ya majengo ya Waingereza na makaburi yao machache. Mwishoni mwa karne ya 19 ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyotangulia serikali ya kikoloni iliweka ofisi hapa. Dakika 15 zinatosha, isipokuwa kwa mwenye mapenzi ya historia.

Gatini sasa, maana hapa ndipo pesa za msafiri zinapovuja. Zipo safari mbili, nazo ni tofauti. Ya kwanza ni mashua ya abiria, ile wanayopanda wenyeji wenyewe wakitoka sokoni na hospitali, pamoja na unga wao, mitungi ya gesi na kuku. Huondoka ikijaa, huchukua dakika 10 au 15 hadi Wasini, na nauli yake ni ya kichwa. Ya pili ni mashua ya kukodi, ambayo bei yake ni ya mashua nzima, muwe wawili au kumi. Kijana wa gatini atakukabili na ile ya pili kana kwamba ya kwanza haijawahi kuwapo. Usigombane naye. Msalimie, pita, uende alipokaa nahodha mwenyewe.

"Salaam aleikum, nahodha. Twaenda Wasini kijijini, kwa fulani. Mashua ya abiria yaondoka saa ngapi?"

"Waaleikum salaam. Ngojeni hao wa hospitali wafike, twatoka."

"Nauli ni ile ile ya wenyeji?"

Atacheka, na atakutajia bei iliyo karibu na ukweli. Jina la mwenyeji ulilolitaja limefanya kazi kuliko ubishi wa nusu saa.

Ukikodi kwa ajili ya Kisite, zungumza yote kwa wakati mmoja, kabla mguu haujaingia majini. Bei ni ya mashua au ya mtu? Kiingilio cha hifadhi kimo ndani au ni juu yako? Miwani ya kuzamia ni ngapi, na je, ipo inayowatosha watoto? Chakula ni cha nani? Mtarudi saa ngapi? Kisha hesabu jaketi za kuokolea kwa kidole, moja kwa kila mtu, na uzivae. Ukiambiwa "ziko chini, tutatoa mkihitaji", tafuta mashua nyingine. Lipa nusu, nusu nyingine mkirudi gatini salama. Hakuna nahodha wa heshima anayeudhika na utaratibu huo.

Kiingilio cha Kisite-Mpunguti hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, na raia hulipa kiwango chake akiwa na kitambulisho. Fanya malipo hayo asubuhi ukiwa bado Shimoni. Mtandao wa simu baharini una hiari yake, tena usishangae simu ikikukaribisha Tanzania kwa ujumbe. Eneo hilo limehifadhiwa tangu miaka ya 1970, na limegawanyika: Kisite hairuhusiwi kuvua kabisa, Mpunguti wavuvi wa asili wanaruhusiwa kwa zana zao za kawaida. Mwambie nahodha azime mashine au apunguze mwendo mkiona pomboo. Wapo wanaowafukuza ili mgeni apate video. Ukisema mapema kwamba hutaki, wengi hufurahi, maana petroli wanainunua wao. Matumbawe usiyasimamie hata ukichoka. Ugeuke ulale chali, jaketi litakubeba.

Ukiwa kijijini Wasini, nenda kwenye bustani ya matumbawe iliyo nyuma ya nyumba. Ni mwamba wa kale ulioinuka ukabaki nchi kavu, umechongwa na maji ukawa na minara na mapango, na mikoko inaota katikati. Njia ya mbao inayopita juu yake ni ya kikundi cha wanawake wa kijiji, na ada ni yao. Nenda mara mbili ukiweza: mara moja maji yakiwa yamekupwa, ukaone kaa wakikimbilia vishimo vyao, na mara nyingine alasiri ya bamvua, bahari inapoingia kimyakimya kati ya mawe na ile nchi kavu uliyoitembea asubuhi inakuwa dimbwi. Uliza pia njia ya kaburi la nguzo la zamani ambalo bado lina vipande vya kaure za Kichina. Usiziguse. Zimesalia pale muda wote huo kwa sababu watu wamezionea haya.

Adabu za kisiwa mtu wa Mombasa anazijua, ila akiwa safarini hujisahau. Mwanamke abebe leso mbili, mwanamume kikoi. Nguo za kuogelea ni za mashuani. Pombe usiipeleke kijijini. Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hivi hadi saa nane, usitegemee mashua, hoteli wala mwongozaji. Nawe kama ni mtu wa kuswali, ndiyo nafasi yako nzuri kuliko zote ya kujulikana na watu. Mwezi wa Ramadhani mchana hutapata chakula, lakini usiuogope: panga ufike alasiri. Mgeni anayelala kijijini siku hizo huitwa futari hata asipojuana na mtu. Picha za watu ziombe, za wanawake wakiwa kazini ziombe kwanza kwao na usilazimishe. Ndege za kamera ziache nyumbani. Mpaka uko jirani, na mazungumzo na askari kuhusu ndege hizo si mafupi.

Maji ya kunywa na kuoga yahurumie. Wasini haina mto, na kwa vizazi watu wameishi kwa maji ya mvua yaliyokusanywa mabirikani. Ukipewa ndoo moja ya kuoga, hiyo ndiyo ndoo, usiulize ya pili. Beba maji yako ya kunywa ya siku ya kwanza, na chupa tupu urudi nazo bara.

Kuhusu chakula sina haraka. Shimoni asubuhi kunywa chai ya maziwa na mahamri kwa mbaazi za nazi, kama kwetu. Chakula cha mchana na cha usiku ndicho kinachohitaji akili. Hoteli ya mji mdogo haipiki sufuria ya watu wasiojulikana, kwa hiyo weka oda. Pita asubuhi, keti, kunywa chai, kisha umuulize mpishi leo soko la samaki limeleta nini. Usije na jina la samaki kichwani. Ukishikilia nguru siku ambayo bahari imetoa changu na tafi, utapikiwa nguru wa jana kutoka kwenye friji, na utalipa zaidi. Siku ya bamvua sema pweza, umwambie amchemshe kwanza hadi alainike ndipo amtie nazi. Kaa wa Wasini ana sifa yake, lakini ni wa kula taratibu, kwa mikono, na shati lisilo jeupe. Kikundi cha wanawake kitakupa pia mwani, wa kukaanga au wa kachumbari. Wengi wetu tunaujua mwani kama taka za ufuo wa Shelly. Onja. Una chumvi yake wenyewe, basi ndimu yatosha.

Mwani huo ndio sababu ya kusimama Kibuyuni, kijiji cha jirani na Shimoni, ukiwa na saa mbili za ziada. Wanawake wa huko wanaulima baharini kwa kamba na vigingi, na maji yakikupwa huwakuta shambani, wamesimama magotini ndani ya bahari wakifunga miche. Wanauanika, wanauuza kwa wanunuzi wa nje, na mwingine wanaugeuza sabuni na mafuta ya nywele. Sabuni hiyo ni zawadi bora kuliko kipepeo cha plastiki cha dukani. Bei waliyoitaja lipa.

Mwenye siku ya tatu anaweza kuongeza mojawapo, asijaribu zote. Vanga iko karibu kabisa na mpaka, imezungukwa na mikoko, na maji ya bamvua huingia mpaka mitaani. Nenda na kitambulisho, kwa kuwa kuna vizuizi vya polisi njiani, na usikubali kupakiwa mashua ya kwenda upande wa Tanzania "mara moja tu". Au simama Gazi wakati wa kurudi. Hapo wanawake wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, na mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa kaboni, unalinda hekta 117 na kuleta pesa za maji na shule. Nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kisha akakimbilia upande wa Wajerumani, ilikuwa hapo Gazi. Mwombe mwenyeji akuonyeshe. Ni hatua chache kutoka barabara ya kijiji.

Kurudi kuwe asubuhi. Kutoka Shimoni magari ya kwanza huondoka mapema yakiwa na wafanyakazi na wauza samaki, na ndiyo yenye uhakika. Kadiri jua linavyopanda yanakuwa ya kubahatisha, na baada ya alasiri unaweza kubaki Kanana ukihesabu malori. Usiku uliotangulia muulize mwenyeji wako dereva ni nani na anapitia wapi, umpigie simu akuwekee kiti. Ikiwa unabeba samaki, wanunue jioni hiyohiyo gatini baada ya kupimwa, si kwa mtu wa njiani. Waombe wakutolee matumbo, wakutilie barafu, na uwafunge kwa mifuko miwili ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ndoo ipande nyuma pamoja na mizigo, nawe umlipe kondakta nauli yake mapema. Barafu ikianza kuvuja miguuni mwa abiria kabla ya Ukunda, utashuka wewe na ndoo yako.